UZI: Uyoga wa kichuguu wenye sura nyingi, na kwa nini rangi haitoshi kuutambua

Mzizi Mrefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila mvua za kwanza zinapolainisha udongo, jukwaa hili hujaa picha za uyoga uliochipua vichuguuni, na chini ya kila picha hufuata majibu yasiyopatana: huyu anasema ni uyoga uleule wa kila mwaka, yule anasema huo wa kijivu ni wa aina nyingine kabisa, na mwingine anatangaza kwamba wenye rangi ya kahawia haufai kuliwa. Naomba tuyaweke mambo haya mahali pamoja, tukianzia na spishi moja inayochochea mabishano hayo kuliko nyingine, yaani *Termitomyces striatus*. Uzi huu ni wa utambuzi. Mtu asiuchukulie kuwa ruhusa ya kupika chochote alichookota.

Jenasi Termitomyces ni ya kuvu zinazoishi pamoja na mchwa. Mchwa hao hukusanya nyasi, majani makavu na vipande vya miti, huvitafuna na kuvipitisha tumboni, kisha hujengea masega yenye vitundu ndani ya kiota. Kuvu huota juu ya masega na kumeng'enya kile ambacho tumbo la mchwa haliwezi, na mchwa nao hula vijivimbe vyeupe vya kuvu pamoja na sega lililokomaa. Mvua zikifika, baadhi ya masega hutoa uyoga, ambao hupanda kwa mzizi bandia mrefu hadi utoboe uso wa udongo. Ushirika huu ni wa kale sana: katika bonde la ufa la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, wanajiolojia walipata viota vya mchwa vilivyogeuka mawe vikiwa bado na masega ya kuvu ndani yake, na umri wake ukakadiriwa kuwa miaka milioni 25. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Kuvu iliyopata muda wa namna hiyo haina sababu ya kuturahisishia kazi.

Spishi yetu iliandikwa kwanza na Mbelgiji Maurice Beeli kutokana na sampuli za Kongo, naye aliiweka katika jenasi nyingine. Mwaka 1942 Mfaransa Roger Heim alipounda jenasi Termitomyces ndipo akaihamishia huko. Kofia yake huanza ikiwa imefumba na kuchongoka, kisha hufunguka lakini hubakiza ncha ngumu katikati, ile inayotangulia kupasua udongo. Kutoka kwenye ncha hiyo hushuka michirizi inayoelekea ukingoni, na kofia ikizeeka ukingo hupasuka kwa kufuata michirizi ileile. Shina kwa kawaida halina pete, na matamvua ya chini ya kofia hayashikani na shina. Huanza yakiwa meupe, kisha hupata uwaridi hafifu kadiri spora, yaani chembe za uzazi, zinavyokomaa.

Tatizo ni rangi na ukubwa. Kuna kofia nyeupe ya krimu, ya kijivu, ya njano ya udongo na ya kahawia, na kuna zenye upana wa sentimita 5 hivi na nyingine zinazopita 10. Heim mwenyewe aliona tofauti hizo akazigawa katika maumbo ndani ya spishi ileile, mojawapo likiwa la kijivu na jingine la njano ya udongo. Ile yenye rangi ya machungwa aliihesabu kwanza kuwa sehemu ya *T. striatus*, kisha mwaka 1977 akaipa cheo cha spishi kamili, *T. aurantiacus*. Yaani mtu aliyeijua jenasi hii kuliko wote wa zama zake aliuvuta mpaka huu mahali pawili tofauti. Sioni kwa nini sisi, tukiwa na picha moja ya simu iliyopigwa jioni, tuwe na uhakika kuliko yeye.

Hoja yangu ni hii: kabla ya kulinganisha uyoga wa Iringa na wa Tabora, linganisha uyoga wa kichuguu kimoja. Utafiti wa Duur Aanen na wenzake uliotolewa mwaka 2009 ulieleza kwa nini kiota kimoja hubaki na ukoo mmoja tu wa kuvu. Nyuzi za ukoo mmoja huungana zikikutana segani, na muungano huo huzifanya zizae vijivimbe vingi zaidi. Mchwa hula vijivimbe hivyo na kupanda spora zake kwenye sega jipya, hivyo ukoo uliotangulia kwa wingi huongezeka kila mzunguko hadi ule mchache unatoweka. Basi uyoga wote unaotoka katika kiota kimoja ni mwili wa kuvu moja, wenye vinasaba vilevile. Ukiokota pale wa kijivu na wa kahawia, tofauti hiyo imeletwa na umri, jua, mvua iliyoosha kofia au udongo ulioganda juu yake. Haiwezi kuwa alama ya spishi.

Kwa hiyo okota uyoga wa kila umri kutoka kiota kimoja, kuanzia ule ambao ncha yake ndiyo kwanza imetokeza hadi ule uliokwisha kupasuka ukingo, uupange kwa safu na kuutazama kwa utulivu. Kinachobadilika kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho kiweke kando. Kinachobaki vilevile ndicho cha kupeleka kwenye kichuguu cha pili.

Binti Ruvuma

Ahsante sana, mkuu, kwa maelezo haya. Nina jambo linalonitatiza. Nyumbani kwetu tunavyo vichuguu ambavyo katika wiki ileile hutoa uyoga mkubwa wa kahawia wenye mzizi mrefu, na pembeni yake huenea uyoga mdogo mweupe kwa mamia, wenye kofia isiyozidi upana wa kidole gumba. Bibi yangu hukusanya wote, ila huuweka kwenye vikapu viwili. Ikiwa kiota kimoja kina kuvu moja, inakuwaje kichuguu kimoja kitoe sura mbili zilizoachana namna hiyo?

Mzizi Mrefu (mwanzisha uzi)

Bibi yako ana haki ya kutumia vikapu viwili. Huo mdogo, kwa jinsi ulivyoueleza, unaelekea kuwa *Termitomyces microcarpus*, ambao ulielezwa kisayansi mwaka 1871 kutokana na sampuli za Sri Lanka na ambao umeenea Afrika na Asia. Tabia yake ni ya pekee katika jenasi hii, kwa kuwa hauna mzizi bandia. Mchwa wenyewe hubeba vipande vya sega kutoka ndani ya kiota na kuvitandaza juu au karibu kabisa na uso wa udongo, na uyoga huchipua kwenye vipande hivyo, ndiyo maana unaukuta umetapakaa kwa mamia. Ukiung'oa taratibu pamoja na udongo wake utaona chembechembe za sega zimeshikana na kitako cha shina.

Sasa kuhusu sura mbili kwenye kichuguu kimoja, jibu ni kwamba kichuguu si lazima kiwe kiota kimoja. Kichuguu kikubwa kilichojengwa na mchwa wa Macrotermes mara nyingi huwa na wapangaji, hasa Odontotermes, ambao huchimba vyumba vyao katika kuta zake na kuweka masega yao wenyewe yenye kuvu yao wenyewe. Kutoka juu unaona kilima kimoja, na ndani yake mna kaya mbili au zaidi zisizoshirikiana chakula.

Hadubini

Nilitaka kuweka pingamizi hilo hilo la wapangaji, na nafurahi limejitokeza mapema, kwa sababu linapunguza nguvu ya kanuni ya mwanzisha uzi. Kanuni ni sahihi kwa kiota, lakini mwokotaji haoni kiota, anaona kilima. Mtu atakayepanga safu yake kutokana na kilima chenye viota viwili anaweza kuchanganya spishi mbili na kutangaza kwamba ni spishi moja yenye sura nyingi. Hapo atakuwa ameikuza shida aliyokusudia kuitatua. Njia pekee ya kuhakikisha ni kuufuata mzizi bandia hadi kwenye sega na kuona kama mizizi ya uyoga wote unaoulinganisha inaishia katika chumba kimoja au katika vyumba vinavyohusiana.

Mzizi wenyewe una mengi ya kusema, nao ndio watu wengi huuacha ardhini. Angalia kama uso wake ni mweupe au mweusi, kama ni laini au una magamba, kama una uwazi ndani au umejaa, na kama huungana na sega kwa kitako kilichopanuka au kwa kunyooka tu. *T. eurrhizus*, kwa mfano, hujulikana kwa mzizi wenye gamba jeusi la nje. Lakini hapa nami niweke angalizo: jina hilo lilitolewa na Berkeley mwaka 1847 kwa uyoga wa Asia ya Kusini, na kulibandika juu ya kila uyoga wa Afrika wenye mzizi mweusi ni kuruka hatua.

Kuhusu spora, kata shina, laza kofia juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu nyeusi, funika kwa bakuli usiku kucha. Termitomyces hutoa unga wa waridi hafifu au krimu yenye uwaridi. Chini ya hadubini spora ni za mviringo wa yai, laini, zisizo na rangi, urefu wake mara nyingi mikroni 6 hadi 9 na upana mikroni 4 hadi 5.5. Kipimo hiki kinakuthibitishia jenasi na kukutoa kwenye hatari kadhaa. Hakikupi spishi, kwa sababu spishi nyingi za Termitomyces zina spora zinazolingana vipimo karibu kabisa. Nimewaona watu wakipima spora kwa juhudi kubwa ili kutenganisha *T. striatus* na *T. aurantiacus*, na sidhani kama juhudi hiyo inalipa.

Mzee Kibao

Vijana wangu, mnachosha watu kwa majina ya Kilatini. Sisi tumekula uyoga wa vichuguu tangu utotoni, na vipimo vyetu vilitosha. Ukikuta uyoga umeliwa na wadudu au konokono, ni salama. Ukiupika pamoja na kitunguu saumu au sarafu ya fedha na kitu hicho kisigeuke rangi, ni salama. Na unaoota kichuguuni hauna sumu kwa sababu mchwa hawawezi kuishi na sumu. Mbona tupo hai?

Mzizi Mrefu (mwanzisha uzi)

Shikamoo mzee wangu. Wazee wanaojua uyoga wao kwa macho, kwa mahali unapoota na kwa majira yake wana elimu ambayo sisi tunaokota makombo yake, na elimu hiyo siipingi hata kidogo. Ninachopinga ni hivyo vipimo vya jikoni. Konokono na wadudu hula uyoga wenye sumu kali bila kudhurika, kwa sababu miili yao haifanani na yetu. Fedha na kitunguu saumu havitambui sumu iitwayo amatoksini, iliyomo katika baadhi ya uyoga wa jenasi Amanita, na kupika hakuiharibu. Ubaya wa sumu hiyo ni kwamba mlaji hubaki mzima kwa saa 6 hadi 24, kisha huanza kutapika na kuharisha, baadaye huonekana kama amepona, na wakati huo ini linaendelea kufa. Ndiyo maana mtu anaweza kusema kipimo chake kilifaulu jioni ile ile alipokula.

Kuhusu kichuguu, mzee, udongo wa kichuguu ni udongo wenye rutuba kama mwingine, na uyoga usiohusiana na mchwa huota juu yake vilevile.

Hadubini

Naongezea kwa hoja ya mzee, kwani ndiyo nzito kuliko zote katika uzi huu. Kuna aina tatu za uyoga ambazo mwokotaji wa kichuguu anapaswa kuzifahamu kwa sura.

Wa kwanza ni *Chlorophyllum molybdites*, mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia na pete inayoweza kusogezwa kwenye shina. Unafanana vya kutosha na Termitomyces wakubwa wenye pete, kama *T. letestui*, au wenye mabamba ya kahawia juu ya kofia, kama *T. schimperi*, hata mtu mwenye uzoefu akababaika akiuona kwa mbali. Unga wake wa spora ni wa kijani, na matamvua yake yakizeeka huanza kuwa ya kijani pia, lakini ukiwa mchanga matamvua ni meupe kabisa na hapo ndipo watu hunaswa. Hausababishi kifo mara nyingi, ila kutapika na kuharisha kwake, kunakoanza ndani ya saa chache, hakusahauliki. Hauna mzizi unaoshuka kwenye sega.

Wa pili ni Amanita, wenye kifuko chini ya shina na unga mweupe wa spora. Kifuko hicho huzama ardhini, na anayekata uyoga kwa kisu usawa wa udongo hukiacha huko chini pamoja na ushahidi wote. Wa tatu ni Entoloma, ambao wengi huusahau kwa sababu nao hutoa spora za waridi. Tofauti yake ni kwamba matamvua yake hushikana na shina na spora zake zina pembe pembe. Baadhi ya Entoloma zina sumu. Kwa hiyo mtu asiridhike kwa kuona uwaridi peke yake.

Mambo haya hayahusiani na swali la kama *T. striatus* ni spishi moja au nne. Mwenye kutaka chakula anahitaji kuthibitisha jenasi: mzizi hadi kwenye sega, matamvua yaliyo huru, uwaridi wa spora, kutokuwepo kwa kifuko. Mwenye kutaka jina kamili ana safari ndefu zaidi, na maswali haya mawili huchanganywa sana hapa jukwaani.

Mwana wa Lubumbashi

Nawasalimu kutoka Katanga. Huku msimu wa mvua uyoga huuzwa kando ya barabara na masokoni kwa wingi, na mambo mnayoyasema tunayaona kila mara. Mimi ningependa kuongeza upande wa ukubwa. Kwetu tuna *Termitomyces titanicus*, ambao Pegler na Piearce waliuandika mwaka 1980 kutokana na sampuli za Zambia, na kofia yake iliyokomaa inaweza kufikia upana wa mita 1. Mtu akiuona huo mkubwa kisha akaletewa kofia ya sentimita 20, husema haraka kwamba hiyo ni ya spishi nyingine. Lakini uyoga huu hauzaliwi ukiwa mkubwa, na kofia changa za *T. titanicus* hushindana kwa ukubwa na kofia zilizokomaa za *T. letestui*. Ukubwa bila kujua umri haukusaidii.

Ncha ya kofia husaidia zaidi. Katika *T. clypeatus* ni kali kama ya msumari, katika *T. mammiformis* ni kama chuchu na imezungukwa na magamba, na katika *T. titanicus* haionekani sana kofia ikishafunguka. Sijaona ncha ya aina moja ikigeuka ya aina nyingine ndani ya kiota kimoja, na hilo linakubaliana na njia ya mwanzisha uzi ya kupanga safu.

Shida ya sokoni ni kwamba uyoga ukifika pale mzizi mara nyingi umebaki shambani, na ukiwa umekaushwa, michirizi na rangi zimepotea. Watu hununua kofia kavu kisha wanaleta picha na kuuliza spishi. Kwa kofia kavu isiyo na shina mimi siwezi kujibu, na nina mashaka na anayejibu.

Kazi ya Shamba

Nimesoma yote. Swali langu ni fupi: kwa nini tusipeleke vipande maabara, vinasaba vikasomwa, mjadala ukaisha?

Hadubini

Mkuu, vinasaba vimesaidia sana, ila havimalizi mjadala kwa namna watu wanavyodhani. Vilituonyesha mwaka 2002 kwamba mchwa wafugao kuvu wana asili moja, na kwamba ufugaji huo ulianzia Afrika. Vilivunja pia baadhi ya majenasi yaliyokuwa yametengwa kwa sababu ya umbo. Uyoga mdogo aliouuliza Binti Ruvuma uliwahi kupewa jenasi yake, Podabrella, kwa kuwa hauna mzizi, na sasa umerudishwa ndani ya Termitomyces.

Lakini maabara inakupa mfuatano wa herufi. Jina linatoka mahali pengine. Kipande kiitwacho ITS, kilichopendekezwa rasmi mwaka 2012 kuwa alama ya utambuzi wa kuvu, utakilinganisha na vipande vilivyomo katika hazina za kimataifa, na wengi waliovipeleka huko walitambua uyoga wao kwa macho, kwa rangi na ukubwa, yaani kwa njia ileile tunayoilalamikia hapa. Matokeo yake ni kwamba sampuli zilizobandikwa jina moja huangukia katika matawi tofauti ya ukoo, na sampuli zenye majina tofauti hukaa tawi moja. Ili jina *T. striatus* liwe na mguu wa kusimamia, inabidi kurudi kwenye sampuli kielelezo aliyoitumia Beeli, au, kama haiwezi kutoa vinasaba vizuri, kukusanya upya Kongo uyoga unaofanana nayo kwa kila kitu na kuufanya kuwa msingi. Bila hivyo tunajua kuna matawi mangapi, ila hatujui lipi ndilo lenye haki ya jina.

Kwa maoni yangu, na hapa natofautiana kidogo na mwanzisha uzi, siamini kwamba *T. striatus* ni spishi moja yenye rangi nyingi. Nadhani ni kundi la spishi zinazofanana, ambamo kila moja ina rangi zake kadhaa zinazoingiliana na za jirani. Heim hakuwa na njia ya kuona hilo.

Mzizi Mrefu (mwanzisha uzi)

Sidhani tunatofautiana, Hadubini. Nilichosema ni kwamba tofauti ya rangi ndani ya kiota kimoja haiwezi kuwa ya spishi. Sikusema kwamba viota viwili vyenye rangi tofauti lazima viwe vya spishi moja. Safu ya kichuguu cha kwanza inakuonyesha upana wa kubadilika kwa kuvu moja, na ukishaujua upana huo ndipo unapoweza kuona kama kichuguu cha pili kimo ndani yake au kimetoka nje. Kama rangi za viota viwili zinaingiliana nusu kwa nusu, rangi haikusaidii, na hapo ndipo vinasaba vinapoingia.

Jambo moja linalopotosha watu ni kumtumia mchwa kama cheti cha utambulisho. Inadhaniwa kwamba kila mchwa ana kuvu yake, hivyo ukimjua mchwa umeijua kuvu. Kwa spishi nyingi za mchwa sivyo, kwa sababu kumbikumbi wakiruka hawabebi kuvu. Wafanyakazi wa kwanza wa kiota kipya hutoka nje na kuokota spora zilizoangushwa na uyoga wa viota vingine, na kwa njia hiyo kuvu huhama kutoka mchwa mmoja hadi mwingine. Isipokuwa kwa *Macrotermes bellicosus*, ambaye kumbikumbi dume hubeba kuvu, na Microtermes, ambao jike ndiye hubeba. Hata hivyo chukua askari kadhaa wa mchwa uwaweke kwenye spiriti, kwa sababu mchwa anayejulikana ni taarifa, na taarifa haidhuru.

Kwa wanaotaka kuchangia sampuli, piga picha uyoga kabla ya kuung'oa, kisha kofia kutoka juu, matamvua kutoka chini, na uyoga uliopasuliwa katikati kuanzia ncha hadi mwisho wa mzizi, ukiweka rula pembeni. Piga kwenye kivuli cha mchana. Mwanga wa taa ya nyumbani hugeuza kijivu kuwa kahawia. Andika rangi ukiwa palepale. Kausha kwa joto la chini, lisizidi nyuzi 45, na kipande kidogo cha nyama ya ndani ya kofia kiweke peke yake kwa ajili ya vinasaba. Uyoga uliokaushwa vizuri na kuandikiwa mahali na tarehe una thamani katika hifadhi ya mimea ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ile ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Binti Ruvuma

Nimepata jibu langu, na nitamwambia bibi kwamba vikapu vyake vimepita mtihani. Hofu yangu imebaki kwenye kuchimba. Mzizi wa uyoga wetu mkubwa huenda chini sana, na tukichimba kila mwaka si tutaua kiota chenyewe, tukakosa uyoga?

Mwana wa Lubumbashi

Dada, usichimbe kuanzia juu ya uyoga. Anza umbali wa hatua moja, chimba shimo la pembeni, kisha ukwangue udongo kwa kisu kuelekea kwenye mzizi ili usiukate. Mzizi ukizidi mita 1 au ukiingia kwenye sehemu ngumu ya kati ya kichuguu, acha. Huko ndiko malkia alipo. Kwa mchwa wa Odontotermes masega huwa yametawanyika katika vyumba vingi vidogo udongoni, na kufungua chumba kimoja hakuwaangamizi. Ukishaona sega na kupiga picha, rudisha udongo siku hiyohiyo na uushindilie, kwa sababu chumba kilicho wazi huvutia siafu, na siafu ndio wanaoua kiota. Mzizi mmoja kwa kila kiota unatosha. Uyoga mwingine ukate kawaida.